Kampuni ikija na bango, kikundi chenu kinakuja na nini? Uzi wa kisima chetu cha Arumeru

mweka_hazina

Habari za jioni jukwaani. Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa miaka. Leo naandika kwa sababu jana nilipita kwenye kisima chetu cha bondeni nikakuta mbuzi wamejilaza kivulini, chini ya bango la kampuni. Bango lenyewe limesimama imara. Hapo niwasifu, nguzo walizichimbia vizuri kuliko walivyochimba kisima.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha maji katika kijiji kimoja cha Arumeru, chini kidogo ya Usa River. Jina la kijiji sitaji, la kampuni sitaji, na naomba msianze kubahatisha.

Miaka sita iliyopita kampuni moja kubwa ilikuja kutuchimbia kisima. Hatukuomba. Siku tatu kabla ya uzinduzi mtendaji alituambia wageni wanakuja Alhamisi, kwa hiyo tufagie na akina mama waandae ngoma. Tukafagia.

Siku yenyewe ilipendeza. Turubai, viti vimevalishwa vitambaa, kofia na tisheti kwa waliowahi kukaa mbele. Mgeni rasmi akakata utepe, akafungua bomba, vigelegele juu. Akanawa mikono huku kamera zimemzunguka, kisha akarudi kitini, akachukua maji yake ya chupa, akanywa. Wengi wetu hilo halikutupitia akilini. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami ndiye aliyeninong'oneza: "Umeona? Hata yeye hakuyaonja."

Bibi alikuwa na sababu. Wazee wetu hawakuwa wananywesha ndama maji ya upande ule. Wenyeji mnaelewa nasema nini: floridi. Miamba ya volkano ya Mlima Meru imeijaza kwenye maji ya chini ya ardhi sehemu nyingi za Arumeru. Mtoto akiyanywa tangu mdogo meno yanaota na madoa ya kahawia, na yakizidi sana mifupa inapinda. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Na kuchemsha hakusaidii, maana maji yanapungua sufuriani na floridi inabaki palepale. Hayo yote bibi hakuyasoma popote. Alikuwa anajua tu kwamba maji ya bondeni si ya kunywa, na siku ile hakuna aliyemuuliza.

Jambo la pili ni pampu. Ilikuwa ya umeme, na haikusemwa nani atanunua LUKU. Mwezi wa kwanza tulichangishana tukicheka. Wa pili tukachangishana tumenuna. Wa tatu mita ikalia, ikalia, ikanyamaza.

Ngoja nigeuze ugali, nitaendelea.

chalii_wa_unga

Oya hapo kwenye maji ya chupa nimesimamisha bodaboda nicheke kwanza. Napiga kambi hapa.

Mpare Halisi

Mkuu weka picha ya bango.

mweka_hazina

Bango lina jina la kampuni, kwa hiyo picha hapana. Na mimi siyo mkuu, ni mama wa watoto wanne.

Mpare Halisi

Samahani mama. Shikamoo.

mweka_hazina

Marahaba. Naendelea.

Kisima kilipokufa tulikaa kama mwaka mzima kazi yetu ni kulaumu. Aliyetutoa huko ni mwalimu mstaafu. Alisimama mkutanoni akauliza: "Tuseme siku ile wangewauliza mnataka nini, mngewajibuje?" Kimya. Hatukujua kijiji kinatumia ndoo ngapi kwa siku. Hatukujua ni kaya ngapi zinaweza kulipa. Kila mtu alikuwa anajua lake, na hakukuwa na karatasi hata moja iliyoandikwa.

Tukaanza na daftari. Mabinti wawili waliomaliza kidato cha nne walikaa kwenye chemchemi ya juu siku saba, alfajiri mpaka jioni. Kila ndoo kijiti, kila dumu kijiti, punda mwenye madumu manne vijiti vinne. Pembeni wakawa wanaandika saa. Hilo la saa lilikuwa wazo lao wenyewe, na mtaona lilikuja kutufaa vipi.

Pia tukapeleka maji maabara kutoka sehemu tatu, kila chupa imeandikwa imetoka wapi. Hela ya vipimo ilitoka kwenye mikungu ya ndizi, kila kaya mmoja, tukauza Tengeru. Majibu yakarudi: chemchemi ya juu salama, kisima cha bondeni mara kadhaa ya kiwango. Bibi tulimpelekea majibu nyumbani kwake. Akasema, "Mmetumia ndizi zote hizo kuniuliza mimi?"

Ndipo tukaenda kwenye kampuni nyingine, na safari hii tuliobisha hodi ni sisi. Barua ya kuomba ufadhili hatukubeba. Tulibeba kurasa nne. Ya kwanza hesabu ya ndoo. Ya pili majibu ya maabara. Ya tatu kinachotoka kwetu: kuchimba mtaro wote, mlinzi, na mkusanyaji wa hela ya maji. Ya nne tunachotaka na tusichotaka. Tusichotaka waliandika akina mama, mstari mmoja: "Hatutaki tisheti."

Meneja alicheka. Akarudi ukurasa wa kwanza, akauliza hizi saa pembeni ni za nini. Tukamwambia ni foleni ya asubuhi. Kati ya saa kumi na moja na saa moja watu wamejaa pale, na wengi wao ni vibarua wake, maana wanaishi kwetu. Akanyamaza. Kumbe kila siku anawakata watu hela kwa kuchelewa kazini na hajawahi kujua wanachelewa wapi.

Kuanzia hapo hatukuwa tunaomba tena.

dada_wa_njiro

Hii sehemu ya saa ni dhahabu. Mama endelea, makubaliano yalikuwaje?

mweka_hazina

Kurasa tatu za Kiswahili, zimesainiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kampuni inanunua mabomba ya kuleta maji ya chemchemi ya juu na inatuazima fundi wake wa maji. Sisi tunachimba, tunaendesha, tunauza ndoo shilingi hamsini, na hesabu inabandikwa kwenye ubao kila Jumamosi. Upande wowote una haki ya kuitisha kikao. Mvutano mkubwa ulikuwa jina kwenye tenki, hapo tulizozana wiki tatu. Mwisho jina lao likaandikwa, ila chini ya jina la kikundi, herufi saizi ileile na rangi ileile. Waliochora ni vijana wetu, na herufi moja imepinda. Meneja akija huwa anaitazama ile herufi, hasemi kitu.

Fundi_Mita

Mama, RUWASA, wakala wa maji vijijini, mliwaweka wapi? Siku hizi mtu hajiamulii tu kuendesha mradi wa maji kijijini.

mweka_hazina

Swali zuri, nililiruka. Kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 miradi ya vijijini iko chini ya RUWASA, na anayeuendesha ni chombo cha watumia maji kilichosajiliwa. Tulianzia kwa meneja wa RUWASA wa wilaya, mhandisi wao akapima mteremko kabla hatujagusa jembe. Kampuni nayo ilituuliza hilo mapema. Wakiona mhandisi wa serikali ameweka saini, na wao mkono hautetemeki.

upande_wa_pili

Naandika nikiwa upande wa pili wa meza. Nafanya kazi kwenye kitengo cha mawasiliano cha kampuni moja hapa mjini, na mambo ya jamii yako chini yangu. Niseme ukweli ambao ofisini sisemi.

Barua tunazopata ni nyingi mno, na tisini kwa mia zinafanana. "Tunaomba ufadhili." Hakuna hesabu, hakuna jina la mtu wa kumpigia, nyingine zimepigwa fotokopi na jina la kampuni limejazwa kwa kalamu. Za kwangu nimeshaona zilizosahau hata kufuta jina la kampuni iliyopita. Tunachagua vipi? Anayejulikana, au mradi ambao picha yake itatoka vizuri. Ndiyo maana madawati. Dawati linapigika picha, linakabidhiwa siku moja, na likivunjika hakuna anayekupigia simu.

Ila mama, kwenye hili la picha mnatuonea. Bosi wangu naye ana mabosi. Bajeti ikifika Novemba haijatumika, mwakani inakatwa. Nikienda kwenye kikao bila picha, kwa wale waliokaa mezani ni kama sikufanya kitu.

mweka_hazina

Kaka, picha hatuikatai, tunachokataa ni picha kuwa ndiyo mwisho wa kazi. Sisi tuliwaambia waje wapige siku ya kwanza, na waje tena miezi sita baadaye, palepale, pembe ileile. Ile ya pili ndiyo waliyoibandika ofisini kwao, kwa sababu maji yalikuwa bado yanatoka.

upande_wa_pili

Hiyo naiba.

mhasibu_mnara_wa_saa

Niongeze la kodi, maana naona linasahaulika na kwa mwenye biashara ndiyo lugha anayoielewa.

Hapa Tanzania hakuna sheria inayolazimisha kila kampuni kutoa mchango kwa jamii. Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 16, inaruhusu michango kwa taasisi za hisani zinazotambuliwa au kwa miradi ya maendeleo ya jamii itolewe kwenye mapato kabla ya kodi, mwisho asilimia 2 ya mapato ya biashara, yaani faida kabla ya kuutoa huo mchango. Chukua biashara yenye mapato ya milioni 300. Asilimia 2 ni milioni 6. Ikitoa milioni 6 na nyaraka zikakubalika, kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30 imepunguza kodi milioni 1 na laki 8. Gharama halisi mfukoni mwake ni milioni 4 na laki 2.

Neno zito hapo ni "nyaraka zikakubalika". Kikundi kisichosajiliwa, kisicho na akaunti, kinachopokea hela kwa simu ya katibu, kinampa mhasibu wa kampuni maumivu ya kichwa. Hawezi kuudai huo mchango TRA, kwa hiyo anamshauri bosi aachane nanyi. Hamjakosa sifa, mmekosa risiti. Kikundi kidogo kisajiliwe halmashauri, kwa ofisa maendeleo ya jamii. Mkiwa shirika lisilo la kiserikali basi ni kwa Msajili, kwa sheria ya 2002, na kila mwaka mna taarifa ya kupeleka na ada ya kulipa. Nimeona asasi nyingi zikiifukuzia hela ya kampuni miezi minane, halafu zinaikosa kwa sababu ya ada ya mwaka.

mpiga_debe_kilombero

Mnapamba sana asasi humu. Wapigaji nao wamejaa huko. Nilihudhuria semina ya asasi moja, siku mbili tunafundishwa ujasiriamali na mtu ambaye hajawahi kuuza hata karanga, halafu mnagombania posho mlangoni. Kampuni ina haki ya kuogopa.

mweka_hazina

Hapo sibishi. Hata kwetu mwenyekiti wa kwanza aliondoka na hela ya madumu. Ndiyo maana hesabu iko ubaoni. Aliyeweka ubao si mimi, ni watu walioibiwa.

mgumu_mstaafu

Niwaletee mfano wa Moshi, mlimani. Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka kumi na moja, goti ndilo lililonistaafisha. Miaka yangu ya mwanzo nilipanda na kampuni moja (haipo tena) tukalala tisa kwenye hema la watu wanne, chakula mara moja kwa siku, na bahasha ya tipu ikashuka mlima ikiwa nyembamba kuliko ilivyotoka kwa mgeni.

Moshi kuna mradi unaitwa KPAP, umeanza 2003, unatetea wapagazi. Unajua wanafanyaje? Hawaandamani. Kampuni inajiunga kwa hiari, inakubali masharti ya mshahara, chakula, hema na uzito wa mzigo, na inakubali kwamba katika kila safari kuna mpagazi atakayetoa taarifa mambo yalikwendaje. Kampuni zinazofuata masharti zinawekwa kwenye orodha, na wageni wa nje wanaiangalia kabla ya kulipa. Hapo ndipo ushirikiano ulipo. Kampuni inapata wateja, mgumu, yaani mpagazi, anapata supu. Na wale wasio na koti wala viatu vya baridi wanaazimwa bure.

Kampuni haiwezi kujisifia yenyewe kwamba inatutunza vizuri, nani atawaamini? Inabidi sisi wenye mgongo tuseme. Na tukisema mabaya iwe na cha kupoteza.

Meku wa Kibosho

Mgumu umenena. Vijana mnadhani mambo haya yamekuja na semina. Sisi Wachagga tulikuwa na chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na KNCU, chama chetu cha ushirika wa kahawa, ikaandikishwa 1933. Mnunuzi wa kahawa alikuwa anakaa meza moja na wakulima wenye katibu, vitabu na ghala. Tangu miaka ya 1990 KNCU inauza sehemu ya kahawa kwa mfumo wa Fairtrade, ambapo mnunuzi analipa bei na juu yake fungu la ziada la maendeleo. Fungu lile haamui mzungu litajenga nini, wanaamua wanachama mkutanoni. Nimekaa kwenye mikutano hiyo. Mnagombana mpaka giza linaingia, barabara au zahanati, lakini ugomvi ni wenu.

Sisemi chama hakijawahi kuyumba. Kimeyumba sana, tena tumelia. Ila kijana ukitaka kujua ushirikiano ni nini, anza na nani anashika kalamu siku ya kuamua.

chalii_wa_unga

Mzee heshima yako. Sasa vipi huko Moshi ya chini, kwenye miwa?

Meku wa Kibosho

TPC, wale wa kiwanda cha sukari, wanafanya kazi na shirika la FT Kilimanjaro kwenye vijiji vinavyozunguka mashamba. Maji, afya, kilimo. Mimi nakaa juu, wa huko waje waseme wenyewe. Ninachokipenda ni kwamba ni mambo ya miaka na miaka, na vijiji ni vilevile. Hawaruki leo huku, kesho kule kwa kufuata kamera.

Mpare Halisi

Na Mirerani? Kule tanzanite inatoka, kampuni zinatoa zikijisikia au zinalazimishwa?

mhasibu_mnara_wa_saa

Madini ni habari nyingine. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, kifungu cha 105, mwenye leseni anatakiwa aandae mpango wa kila mwaka wa kuhudumia jamii na akubaliane na halmashauri. Halmashauri nayo inatakiwa iandae mwongozo, isimamie utekelezaji na iwaelimishe wananchi. Hilo la mwisho ndilo hamjalitumia. Mwananchi wa Simanjiro, wilaya yenye Mirerani, ana haki ya kwenda halmashauri akauliza mpango wa mwaka huu una nini. Asasi ya huko ikifanya kazi hiyo moja tu, kusoma mpango kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji, imeshafanya kazi kubwa kuliko semina kumi.

dada_wa_njiro

Nina swali kwa mama. Wewe kampuni ilikuwa karibu na wafanyakazi wanaishi kwenu. Sisi tuna kikundi cha akina mama wenye watoto wenye ulemavu, Sombetini. Hatuna foleni ya maji ya kumwonyesha mtu. Tutamshika wapi mwenye kampuni?

mweka_hazina

Swali lako nimelala nalo, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Nadhani msitafute pa kumshika. Andikeni kwanza mnachojua ambacho yeye hakijui. Mnajua ni ofisi gani hapa Arusha kiti cha magurudumu kinaingia na ipi hakiingii. Mnajua daladala gani zinawaacha kituoni. Mwenye hoteli anayetaka wageni wa kila aina hajui kwamba mlango wake wa choo ni mwembamba, nyinyi mtampimia kwa futi kamba. Mwenye karakana hajui kama kijana asiyesikia anaweza kushona kuliko wote. Pale kwenye mashamba ya kahawa upande wa uwanja wa ndege wa Kisongo kuna Shanga, karakana ya shanga na vioo vilivyoyeyushwa upya. Wanaofanya kazi ni watu wenye ulemavu, na watalii wananunua. Nendeni mkaone, mkaulize walianzaje.

Halafu msiende wanne mnaolia. Nendeni wawili wenye daftari.

upande_wa_pili

Dada wa Njiro, akikujibu mtu wa mapokezi kwamba "acheni barua", usiiache. Omba jina la mtu wa rasilimali watu, siyo wa mawasiliano. Mimi wa mawasiliano nitakupa keki na picha Desemba. Yule mwingine anatafuta wafanyakazi Januari.

dada_wa_njiro

Asante kaka. Na asante mama. Kesho nina kikao nao, nitawasomea uzi huu.

Fundi_Mita

Mama, kile kisima cha bondeni mmekifanyaje? Kiko wazi? Watoto wasije wakaenda kunywa.

mweka_hazina

Tumekifunga kwa kufuli, ufunguo ninao mimi. Tulifikiria kuweka chujio. Kuna la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, wataalamu wa kituo cha Ngurdoto wamelifanyia kazi miaka mingi. Na kuna la Dkt. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, lile lililopata tuzo ya uhandisi ya Afrika 2015. Lakini chujio nalo lina matunzo yake, na tumekubaliana hatupokei kitu ambacho hatujakipangia hela ya kukitunza. Kwa sasa tunaongea na jirani mmoja atumie yale maji kufyatulia matofali, alipie.

Kampuni ya kwanza iliwahi kupiga simu mwaka jana. Wanataka kuja kupaka bango rangi upya. Nikawaambia karibuni, ila mje na fundi wa pampu na tuanze na kikao. Mpaka leo sijasikia.

chalii_wa_unga

Mama tuwekee basi ile karatasi ya kurasa tatu, wengine tuna vikundi huku Unga Limited tunafua kwenye mto Themi kwa sababu ya bomba moja.

mweka_hazina

Kesho ni Jumamosi, nashinda soko la Tengeru na ndizi. Jioni nikishabandika hesabu ubaoni nitaipiga picha niiweke hapa. Nitafuta jina la kampuni na saini. Ukurasa wa pili una doa la mafuta, mtanivumilia, tulikuwa tunajadiliana jikoni.